Galaksi za Barabara ya Kilwa na Barabara ya Bagamoyo

Vitabu vingi vya kumwingiza mtu katika elimu ya nyota vimeandikwa na watu wa kaskazini ya dunia, na kwa hiyo huanzia kwao: humwonyesha msomaji nyota ya Kutubu, ile isiyohama mahali pake, kisha humpeleka kwa Dubu Mkubwa na kwingineko. Msomaji wa Chamazi au Mbagala akitoka uani kuitafuta Kutubu hataipata leo wala kesho. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, na nyota ile hubaki chini ya upeo wa macho usiku wote, mwaka mzima. Somo linaloanza na kitu kisichoonekana humfanya mwanafunzi aamini kwamba elimu yenyewe si ya kwao, ni habari ya kusimuliwa tu. Naona imani hiyo imetudhuru, na ukweli uko upande wa pili kabisa. Majiji makubwa ya dunia yenye anga pana kama la Dar es Salaam ni machache. Katika viunga vyake, Kinondoni kwa kaskazini na Temeke kwa kusini, mtu anaweza kunyoosha kidole kuelekea ushahidi wenyewe uliowafanya wanadamu wajue kwamba ulimwengu una galaksi nyingi. Mahali pa kuanzia somo hili ni hapa.

Tuanze na upana huo. Anayekaa London hataiona kamwe Salibu akiwa kwake, wala Suheli, wala Rijili Kantori ambayo ni jirani wa karibu wa Jua letu. Zote huzunguka chini ya ardhi anayoikanyaga. Anayekaa Dar es Salaam huziona zote kwa majira yake, na juu ya hizo humwona Dubu Mkubwa akipita chini chini upande wa kaskazini. Katika mzunguko wa mwaka hakosi ila kipande kidogo cha anga kilicho jirani na Kutubu. Watu wa pwani hii walijua kutumia utajiri huo. Wakulima walikitazama Kilimia, na methali ikabaki: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Manahodha walihesabu mwaka wao kuanzia Nairuzi kwa miongo ya siku kumi kumi, wakajua lini kaskazi inaingia na lini kusi inafunga bahari. Ahmad ibn Majid, nahodha wa karne ya 15 mzaliwa wa Julfar katika Ghuba, alitunga shairi refu la Kiarabu la kuongoza vyombo hadi Sofala, akipima safari kwa vimo vya nyota. Wapo wanaosema kwamba kwa kuwa wazee wetu walijua haya, hatuna la kujifunza kutoka kwingine. Siwafuati. Wazee walizijua nyota kama dira na kalenda, na walizijua vizuri kuliko wengi wetu. Lakini nyota ni kitu gani, na iko mbali kiasi gani, hakuna aliyejua popote duniani hadi karne chache zilizopita. Kuwaheshimu ni kuendelea pale walipofika.

Nyota, basi, ni nini? Ni tufe la gesi ya moto, sehemu kubwa yake haidrojeni, lililo zito kiasi kwamba uzito wake wenyewe unaibana gesi ya katikati hadi viini vya haidrojeni vinaungana na kuwa heliamu. Muungano huo hutoa nishati, na nishati ndiyo nuru. Jua letu ni nyota ya kawaida: katikati yake joto hufikia nyuzi milioni 15 za Selsiasi, na kila sekunde linageuza yapata tani milioni 600 za haidrojeni. Limefanya hivyo kwa takriban miaka bilioni 4.6, na bado lina akiba ya mabilioni mengine. Nyota hazilingani, na kutolingana kwao kunaonekana kwa macho. Mwezi Agosti, giza likishaingia, kundi la nyota la Nge husimama karibu na utosi wa Dar es Salaam, na kwenye moyo wake kuna nyota nyekundu iitwayo Antares. Wekundu ule ni habari ya joto: uso wa Antares una nyuzi elfu tatu na mia kadhaa, wakati uso wa Jua una yapata 5,500, na nyota za buluu huzidi 10,000. Antares ni ya baridi zaidi lakini ni jitu. Ingewekwa mahali pa Jua, ingeimeza dunia na kupita njia ya Mirihi. Nyota za uzito huo huunguza akiba yao upesi na kufa kwa mlipuko. Februari 1987 mojawapo ililipuka katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo jirani na yetu, ikaonekana kwa macho matupu katika anga la kusini, anga ambalo Temeke inalo na Ulaya haina. Na milipuko hiyo si habari ya mbali. Katika ndani ya nyota na katika vifo vyake ndimo kalsiamu na chuma vilimopikwa, kisha vikatawanywa angani, vikachanganyika na vumbi lililokuja kuwa dunia. Saruji ya Wazo inatokana na mawe ya chokaa, na chokaa ina kalsiamu. Nondo ni chuma. Kila nyumba ya tofali inayoinuka Tegeta, Goba au Toangoma imejengwa kwa mabaki ya nyota zilizokufa kabla Jua halijazaliwa. Sisemi hivi kwa kupamba maneno. Ndiyo maelezo pekee tuliyonayo ya asili ya chuma na chokaa, na yanathibitishwa na mwanga wa nyota zenyewe, ambao hubeba alama za kila elementi iliyomo.

Ukimwacha Nge ukatazama pembeni yake, penye Mshale, unatazama katikati ya galaksi yetu. Pale penye giza la kweli, utepe mweupe hukatiza anga lote: ndiyo Njia Nyeupe. Weupe ule ni nuru ya nyota nyingi mno zilizo mbali mno kutenganishwa na jicho, zilizopangika katika umbo la sahani pana, nasi tumo ndani ya sahani. Zinakadiriwa kuwa kati ya bilioni 100 na bilioni 400, na sahani yenyewe ina upana wa yapata miaka ya nuru 100,000. Mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru, iendayo kilometa 300,000 kwa sekunde, hukata kwa mwaka mmoja, nao ni karibu kilometa trilioni 9.5. Tarakimu za aina hii humpita mtu sikioni bila kuacha kitu, kwa hiyo afadhali tuzipime kwa historia tunayoijua. Nuru ya Rijili Kantori inayofika leo ilitoka huko miaka minne na miezi kadhaa iliyopita. Nuru ya Suheli iko njiani tangu mwanzo wa karne ya 18, miaka michache baada ya Waomani kuwatoa Wareno katika Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698. Nuru ya Kilimia ilianza safari mapema kuliko hiyo, kabla Wareno hawajaanza kuijenga ngome ile mwaka 1593. Hizo zote ni nyota za jirani. Kutoka katikati ya galaksi, kule kwenye Mshale, nuru hutumia miaka ipatayo 26,000.

Je, galaksi hii ndiyo ulimwengu wote? Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920 wataalamu wakubwa walikuwa bado wanabishana. Walijua kwamba angani kuna vijiwingu vya nuru, kimoja kikiwa katika kundi la Andromeda, ambacho Abdurrahman al-Sufi wa Uajemi alikwisha kukiandika mwaka 964. Wengine walisema vijiwingu hivyo ni vitu vidogo vilivyomo ndani ya Njia Nyeupe. Wengine wakasema ni galaksi kamili, kila moja ikiwa na nyota zake. Ubishi haukuweza kukatwa bila kipimo cha umbali, na kipimo kikatoka kusini. Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa na kituo cha kupiga picha za anga huko Arequipa, Peru, kwa sababu Wingu Dogo la Magellan, ambalo leo tunajua kuwa nalo ni galaksi, halionekani kutoka Marekani bara. Picha zilipelekwa Harvard, na huko Henrietta Leavitt, mwanamke aliyeajiriwa kwa ujira mdogo kukagua sahani za picha, alizitazama nyota za wingu lile zinazong'aa na kufifia kwa zamu. Mwaka 1912 alitoa matokeo ya nyota 25: kadiri nyota inavyochukua siku nyingi kukamilisha zamu yake, ndivyo inavyong'aa zaidi. Uzito wa jambo hili unaeleweka ukizifikiria mashua za dagaa zilizotoka Kunduchi usiku na karabai zao. Mtu wa ufukweni akiona taa moja hafifu hajui kama ni taa ndogo iliyo karibu au kubwa iliyo mbali. Mashua zote zikiwa pamoja mbali baharini, tofauti ya mng'ao itatokana na taa zenyewe, maana umbali ni mmoja. Nyota za Wingu Dogo ziko kwetu karibu umbali mmoja, na ndiyo sababu Leavitt aliweza kujua ukubwa wa taa kwa kuhesabu siku za zamu yake. Mwenye kujua ukubwa wa taa hupata umbali kwa hesabu ya kawaida.

Oktoba 1923, kwenye mlima Wilson huko California, Edwin Hubble alikuta nyota ya aina hiyohiyo ndani ya kijiwingu cha Andromeda. Akahesabu siku zake, akatumia kanuni ya Leavitt, akapata umbali wa karibu miaka ya nuru 900,000. Matokeo yalisomwa mbele ya wanasayansi Washington tarehe 1 Januari 1925. Andromeda ilikuwa nje, mbali kabisa na Njia Nyeupe, nayo ilikuwa galaksi. Msomaji makini atauliza inakuwaje leo tunaambiwa umbali ni miaka ya nuru milioni 2.5, na kama tarakimu zinabadilika hivi, kuna haja gani ya kuziamini. Swali ni la haki. Baadaye iligundulika kwamba nyota za zamu ziko za aina mbili, na kipimo kikasahihishwa. Lakini angalia kilichobadilika na kisichobadilika. Hata ile tarakimu ndogo ya Hubble ilikuwa inazidi mara tatu makadirio makubwa kabisa ya upana wa Njia Nyeupe yaliyokuwapo siku zile, kwa hiyo hukumu ilisimama, na kila kipimo kilichofuata kimeizidishia nguvu. Elimu inayojisahihisha mbele ya watu ndiyo inayostahili kuaminiwa.

Sasa fikiria ramani ya jiji. Barabara ya Kilwa inashuka kusini, ikapita Mbagala na kuelekea Mkuranga. Barabara ya Bagamoyo inapanda kaskazini, ikapita Tegeta, Boko na Bunju. Wingu Dogo la Magellan na galaksi ya Andromeda, kwa bahati ya mpangilio wa anga, hufika juu kabisa ya njia zao karibu wakati mmoja. Mwishoni mwa Novemba, yapata saa tatu usiku, Wingu Dogo linakuwa upande wa kusini, robo ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini, na Andromeda inakuwa kaskazini, karibu nusu ya njia. Mtu wa Chamazi akilipa jiji kisogo anaelekea penye kipimo cha Leavitt; mtu wa Bunju akilipa jiji kisogo anaelekea penye kitu kilichopimwa. Hubble mwenyewe, akiwa mlimani kwake, asingeweza kuliona Wingu Dogo hata mara moja. Na nuru ya Andromeda inayofika Bunju ilitoka miaka milioni 2.5 iliyopita, wakati nyayo za Laetoli hapa nchini, zilizokanyagwa na viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano yapata miaka milioni 3.6 iliyopita, zilikwisha kufukiwa zaidi ya miaka milioni moja. Sijui nchi nyingine iliyo na kipimo cha muda kinachofaa zaidi kumfundishia mtoto umbali wa galaksi.

Pingamizi la kwanza dhidi ya somo hili ni zito, nalo ni la macho: anga hilo tunalolisifu halionekani tena. Jiji lina watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022, na lina taa zinazolingana na watu hao. Aliyesimama Mbagala Rangi Tatu jioni, kati ya maduka, vituo vya mafuta na mabango, ana bahati akiona nyota thelathini. Wingu Dogo ni hafifu, na katika mwanga wa aina ile halipo kabisa. Andromeda nayo itahitaji darubini ndogo ya kushika mkononi. Hili si letu peke yetu. Ramani ya dunia ya mwanga wa usiku iliyotolewa mwaka 2016 ilionyesha kwamba theluthi moja ya wanadamu hawawezi kuiona Njia Nyeupe wanapoishi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulikadiria kwamba anga la usiku, kwa wastani wa sehemu zilizopimwa, limekuwa liking'aa kwa karibu asilimia 10 zaidi kila mwaka kwa miaka kumi na ushee. Nakubali yote hayo, na ndiyo sababu nimetaja viunga, sikutaja Kariakoo. Pembezoni pa jiji, Mkuranga ikiwa mbele au mashamba ya Mapinga yakiwa mbele, upande mmoja wa anga bado una giza. Tena kila usiku umeme unapokatika mtaa mzima, nyota hurudi papo hapo. Simwombei mtu mgao. Nataja tu kwamba kilichofichwa kwa taa hakijaondoka, na taa ni mali yetu, zinaweza kupangwa.

Hapo huja la pili: taa ni usalama. Mwanamke anayeshuka daladala saa nne usiku, dereva wa bodaboda, mwenye genge anayefunga biashara, wote wanahitaji njia iliyo na mwanga, na asiyelijali hilo hana haki ya kuwafundisha nyota. Lakini mwanga unaopanda angani haumulikii mtu yeyote. Taa tupu iliyofungwa ukutani ikitazama mbele humpiga mpita njia machoni na kuacha kivuli kizito nyuma ya ukuta, ambako mwizi angependa kukaa. Taa hiyohiyo ikivikwa kofia na kuinamishwa chini humulika ardhi yote inayotakiwa, kwa umeme mdogo zaidi. Usalama na anga havigombani. Vinavyogombana navyo ni uvivu wa kufunga taa vizuri na mazoea ya kudhani kwamba mwanga mkali zaidi ni bora zaidi.

La tatu husemwa kwa uchungu, nami nalisikia: mtu anayenunua maji kwa madumu ana kazi gani na Andromeda? Jibu langu la kwanza ni kwamba hakuna ndoo ya maji iliyopungua kwa sababu mtoto alijua Jua ni nyota. Jibu la pili ni historia ya pwani yenyewe. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Iliorodhesha vyanzo 339, ikasaidia kufikia hukumu kwamba kitu kiitwacho Cygnus X-1 ni shimo jeusi, na ikaonyesha kwamba kati ya galaksi zilizokusanyika makundi makundi kuna gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi. Mahali palichaguliwa kwa sababu ya ikweta, ileile inayotupa sisi anga pana. Jina likawa letu, bahari ikawa yetu, lakini maarifa yaliyopatikana yalisafiri kwenda kwingine, maana hatukuwa na watu wa kutosha wa kuyapokea. Afrika Kusini imeonyesha kinachowezekana: MeerKAT, darubini ya redio yenye masahani 64, ilizinduliwa mwaka 2018, na imetoa picha za katikati ya Njia Nyeupe zisizokuwa na mfano kabla yake. Wahandisi na wanahisabati wa kazi kama hizo huanza kuwa watoto walioonyeshwa kitu angani na kuelezwa kinajulikanaje.

Lipo pia jambo lisilosemwa sana waziwazi. Kwa wengi mjini nyota ni bahati ya mtu. Huambiwa imefifia, imefungwa, imeibiwa, na wapo wanaopokea fedha ili waisafishe. Ninaowaonea huruma ni wanaolipa. Kilimia kinachoonekana usiku huu kimeonekana kwa nuru iliyotoka karne nne na zaidi nyuma, kabla babu wa babu wa mteja hajazaliwa. Hakuna mkono wa mtu unaofika huko, wala wa kuifunga nyota wala wa kuifungua. Mwenye kulijua hilo amepata kinga ya bure, na imani yake ya dini haikuguswa. Waislamu wa pwani hii wamesoma falaki kwa karne nyingi kwa ajili ya kibla, nyakati za sala na mwezi mwandamo, wala hawakuona kwamba hesabu inamwondolea Muumba heshima.

Kwa walimu wa shule za Kinondoni na Temeke, ombi langu ni kwamba Agosti muanze na Nge, na Novemba mngoje usiku usio na mawingu ya vuli, mkamalize na galaksi mbili. Kwa halmashauri na wenyeviti wa mitaa, taa za barabarani zinazofungwa sasa Chamazi, Toangoma, Boko na Bunju zielekezwe barabarani. Na wewe unayejenga, fundi umeme akija kufunga taa ya nje, mwambie aiinamishe.